Mlango wa futi 12 kwenye chumba cha mbao bustanini: 2x4 mbili juu zinatosha?

Swali: Habari fundi. Niko Nzuguni hapa Dodoma, nataka kujenga chumba cha mbao nyuma ya nyumba, futi 15 kwa 10, cha kupumzikia jioni na watoto kusomea. Upande wa bustani nataka mlango mpana wa vioo wa kukunja, futi 12. Seremala wangu anasema juu ya mlango ataweka 2x4 mbili (mbao za inchi 2 kwa 4) amezilaza, eti bati ni jepesi halina shida. Nimkubalie?

Jibu: Salama dada, na hongera kwa kuuliza kabla mbao hazijakatwa. Hapana, usimkubalie, na nitakueleza kwanini ili na wewe umweleze vizuri bila kugombana naye.

Hapo juu ya mlango ndio linta yako. Paa linaegemea hapo, alafu linta inapeleka ule mzigo kwenye nguzo za pembeni. Sasa nguvu ya mbao ya kubeba bila kunepa haitokani na unene wa kulala, inatokana na kina chake ikisimama. Chukua 2x6 yoyote uiweke juu ya matofali mawili, kwanza ilale, ukae katikati, alafu isimamishe kwa ubavu ukae tena. Mbao ni ileile ila ikisimama ni ngumu mara 9 zaidi. Na ukitoka kina cha inchi 4 kwenda inchi 8, ugumu unaongezeka mara 8, sio mara 2 kama watu wengi wanavyodhani.

Nimekupigia hesabu kwa paa la bati lenye silingi, kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba bati) zikitua juu ya huo ukuta wa mlango, na fundi mmoja au wawili wakipanda juu kukarabati. 2x8 mbili zilizosimama zinanepa kama milimita 8 kwa upana wa futi 12. 2x4 mbili, tena hata zikisimamishwa, zinapita milimita 60, yani inchi mbili na nusu. Zikilazwa ndio usiseme.

Niliwahi kuitwa kwenye chumba cha namna hii hapahapa mjini, mlango uligoma kufunguka, mwenye nyumba ameshabadilisha bawaba mara mbili. Nikafunga uzi juu ya linta toka pembe hadi pembe, katikati kidole gumba kizima kikapita kati ya uzi na mbao. Bawaba hazikuwa na kosa lolote, paa lilikuwa limekaa juu ya fremu ya mlango.

Lakini dada kuna kitu kingine, na hiki naomba ukifikirie sana. Mbao nyingi madukani kwetu zinauzwa futi 12. Kwahiyo kwa uwazi wa futi 12 linta haina pa kukalia, itabidi waunge, na kuunga katikati ya linta ni marufuku kabisa. Punguza mlango uwe futi 11. Linta itakalia inchi 6 kila upande, na kwa kupunguza hiyo futi moja tu mnepo unashuka karibu asilimia 30, manake urefu ndio adui mkubwa kuliko hata uzito. Ukiingia ndani hutaiona hiyo futi.

Linta iwe 2x8 mbili zimebanwa pamoja kwa bolti na washa (vile visahani vya chuma vya kuwekea bolti) kila futi 2, moja juu kidogo moja chini kidogo. Kila upande chini yake simamisha 2x4 tatu zilizopigiliwa pamoja, ndio hizo inchi 6, alafu pembeni yake nguzo ndefu inayokwenda hadi juu kabisa. Mwambie na fundi umeme asichonge linta kwa chini, waya zipite katikati ya kina.

Mbao zenyewe: paini ya Mufindi mara nyingi inafika kwetu bado mbichi, na hewa ya Dodoma inavyokausha unaijua. Ukiifunga mbichi itasinyaa na kupinda ikiwa tayari juu. Nunua mapema, zipange kivulini na vijiti katikati hewa ipite, wiki kadhaa, na ziwe zimetiwa dawa maana mchwa wa huku hawana huruma. Nguzo zikae juu ya zege lililoinuka angalau inchi 6 kutoka ardhini.

Sasa hilo neno la "bati ni jepesi". Wepesi ndio tatizo lingine. Upepo wa hapa mwezi wa nane na wa tisa, mlango wa futi 11 ukiwa wazi, unaingia ndani unasukuma paa toka chini huku juu unalivuta. Hapo linta haibebi tena, inang'olewa. Kwahiyo funga mikanda ya chuma toka kenchi hadi linta, toka linta hadi nguzo ndefu, na nguzo zishikwe na bolti zilizozama kwenye zege. Misumari peke yake inachomoka. Na kwa kuwa ukuta huo karibu wote ni mlango, vile vipande vya futi 2 pembeni vipigiwe plaiwudi toka chini hadi juu ili chumba kisiyumbe, kuta zingine tatu ziwekewe mbao za mshazari.

Kuhusu mlango, chukua unaotembea kwa magurudumu ya chini, sio wa kuning'inia. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kila mita ya mraba, wako ni kama mita 7 za mraba, yani kioo peke yake kinazidi kilo 100, na ukikunja yote inahamia upande mmoja. Acha huo uzito ukae kwenye zege. Kati ya fremu na linta acha nafasi ya milimita 10, uifunike na fito.

Na usiagize vioo sasa. Ezeka kwanza, acha paa likae wiki mbili tatu, ndio upime uwazi kushoto, katikati na kulia, kipimo kidogo kuliko vyote ndio umpe mtu wa vioo.