Kabla hujaking'oa kizibo, jiulize porti imezeekea wapi

Mdogo wangu uliyeanza kazi ya baa juzi, nakuona unavyoishika chupa ya porti, ule mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, kama umekabidhiwa mtoto wa watu. Nami nilianza hivyo hivyo. Wiki yangu ya pili kaunta nilimmiminia mgeni porti ya vinteji kwa mbwembwe zote, chupa nimeitikisa njiani kama soda. Akainua glasi kwenye taa, akanionyesha: tope jeusi linazunguka ndani. Hakusema neno. Heri angenifokea.

Tangu siku ile, kabla sijagusa kizibo, najiuliza swali moja tu: hii imezeekea kwenye mbao au kwenye chupa?

Mwanzo wa porti zote ni mmoja. Zabibu za bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, huachwa zianze kuchachuka. Sukari ikiwa imebaki kama nusu, wanamwagia spiriti ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Hamira inakufa, utamu unabaki. Kipimo kilichozoeleka ni lita 115 za spiriti kwa lita 435 za mvinyo, ukijumlisha unapata pipa la lita 550. Ndiyo maana porti huwa na kilevi cha asilimia 19 hadi 22, na ndiyo maana tunaipima kwa toti. Ukimjazia mgeni glasi kama ya bia, utamsindikiza chumbani.

Baada ya hapo njia zinaachana. Porti ya aina ya tawni hukaa miaka mingi kwenye mapipa ya mbao, hewa inapenya kidogo kidogo, wekundu unafifia hadi rangi ya tofali, mwisho inafanana na chai ya rangi. Vinteji hukaa pipani miaka miwili au mitatu tu, kisha inafungwa chupani bila kuchujwa, ikomae humo kwa miongo. Wekundu wake hauondoki upesi, na mashapo yanalala chini. Aina ya tatu, rubi, ni changa, ya kunywa sasa, haina hadithi ndefu.

Kuhusu namba: mgeni atakuambia tawni yake "ina miaka 20". Usimbishie mezani. Lakini wewe ujue kwamba humo ndani kuna mchanganyiko wa mapipa ya umri mbalimbali, yenye tabia ya porti ya umri huo. Akitaka tawni ya mavuno ya mwaka mmoja, mtafutie chupa iliyoandikwa Colheita. Hiyo hukaa kwenye mbao si chini ya miaka 7.

Sasa pua. Hapa wengi wanakwama kwa sababu wanakariri matunda ya kwenye lebo. Mimi nilikuwa nawaambia wageni "plamu" bila hata kupepesa macho, na plamu yenyewe sijawahi kuishika. Niliporudi nyumbani Tabora nilikuwa nafanya mazoezi kibarazani, glasi tatu mbele yangu. Jirani yangu, mama anayenunua asali kutoka Sikonge, hanywi kabisa. Akasimama. "Mwanangu, hebu nipe ninuse. Kunusa si kunywa."

Tawni ya miaka 10 akasema zabibu kavu na ganda la chungwa, akairudisha haraka. Ya 20 akakaa nayo. Akafumba macho, akaisogeza mbali na pua, akairudisha. "Hii inanuka kilindo kikuukuu. Asali imeisha, kilindo kimebaki." Kilindo ni chombo cha gome la mti cha kuwekea asali.

Maneno hayo nayatumia kazini hadi leo. Mgeni asiyejua kilindo namletea asali kwenye kijiko, ananusa asali na mvinyo, anacheka, anaelewa. Nawe kusanya harufu zako: karanga zilizokaangwa zikapitiliza kidogo, tumbaku iliyotoka banini, kwenye banda la kukaushia, vumbi la mninga kwa fundi seremala, ukwaju uliolowekwa.

Ukinusa, usiikimbilie. Harufu ya kwanza ni spiriti, iache ipite. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, tema kwenye kopo. Kutema si kudharau, ni kazi, na zamu bado ndefu. Kisha sikiliza kinachobaki. Tawni nzuri utamu wake hutangulia kuondoka, uchachu unaufuata, karanga zinabaki ulimini. Ukibaki na sukari na moto kooni tu, ama ni changa, ama imetolewa mezani ikiwa na joto.

Na joto ndilo adui yetu hapa. Wareno wenyewe waliteremsha mapipa kwa mashua mtoni hadi Vila Nova de Gaia, karibu na bahari, kwa kuwa bonde la juu lina joto na mvinyo huzeeka mbio. Sembuse Tabora ya Oktoba, na chupa umeiweka juu ya friji! Tawni itoe ikiwa nyuzi 12 hadi 14, vinteji 16 hadi 18. Ukisoma "joto la chumbani", hicho chumba kiko Ulaya.

Vinteji isimamishe wima siku moja kabla. Fungua taratibu, maana kizibo cha zamani hukatika. Kikikatika, pitisha mvinyo kwenye kitambaa safi. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono usiotetereka, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kutoka chini. Ukiona uzi mweusi unafika shingoni, acha. Kilichobaki ni cha mashapo, usikionee huruma.

Vinteji iliyofunguliwa inywewe siku hiyo au ya pili yake. Tawni imeshazoea hewa, kwenye friji inavumilia wiki kadhaa. Andika tarehe ya kufungua kwenye plasta, bandika mgongoni mwa chupa, ili asubuhi nisianze zamu kwa kunusa chupa moja moja kama mbwa wa forodha.