MUULIZE MWALIMU WA MUZIKI: Darasani kimya, kwenye daladala anaimba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka minne. Kila Jumamosi nampeleka darasa la muziki la watoto wadogo, wako kama kumi na wawili. Wenzake wanaimba, wanazunguka duara, wanapiga makofi. Yeye ameng'ang'ania gauni langu, anatazama tu. Lakini tukishapanda daladala kurudi nyumbani anaziimba nyimbo zote, na mikono anaitia. Baba yake anasema tunatupa hela: ni makofi tu, noti hawafundishwi, bora tumtafutie mwalimu wa kinanda aje nyumbani. Unatushauri nini?
Mama, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Habari ya daladala umeipitia haraka, nami ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Mtoto anayeziimba zote njiani, na mikono mahali pake, somo limemwingia. Hata kusema alijifunza hivyo hivyo: alikaa miezi mingi akiwasikiliza kabla hajatamka neno, wala hamkuona ajabu. Kwa hiyo usimsukume katikati ya duara, na usimwambie mbele za watu, "Mbona nyumbani unaimba?" Imba wewe, kwa sauti, tena uanzie juu kidogo kuliko ulivyozoea. Sisi watu wazima huwaanzishia watoto nyimbo chini mno, wakabaki wanaguna badala ya kuimba.

Sasa hayo makofi. Mtoto wa umri huo anajenga mapigo, yaani kwenda sawa na wimbo bila kuukimbilia wala kuachwa nyuma. Jambo hilo huingia miguuni na mwilini kwanza, vidole baadaye. Jumamosi ijayo mwangalie visigino akiwa hapo nyuma ya gauni lako. Wimbo ukianza, kisigino huinuka na kushuka, mara kinawahi, mara kinachelewa, halafu ghafla kinaingia pamoja na makofi ya wenzake. Kinachokivuta ni lile kundi. Watoto kumi na wawili wakipiga kofi moja, yeye hulisikia mpaka kifuani, na mwalimu mmoja sebuleni hawezi kumpa hilo. Kuna na kunyamaza pamoja, wimbo ukate wote waache mara moja. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni kazi kubwa kuliko kuimba, na haiwezekani kujifunza peke yake. Kule Dodoma wanawake wa Kigogo hupiga muheme, ngoma wanazozibana kwa mapaja, kila mmoja na pigo lake na yote yakifungamana. Mpigaji wa namna hiyo hakuanza kwa kufundishwa peke yake chumbani.

Kuhusu noti, mwambie baba kwamba zimeshaanza. Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria (1882–1967), alishikilia kwamba mtoto aimbe kwanza, ala na maandishi vifuate. Ishara za mikono, kila noti na yake, zinazotumika katika njia yake zilitokana na John Curwen, mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, aliyeeneza kuandika noti kwa herufi, ile d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti). Ukiwahi kuimba kwaya kanisani, unaifahamu. Watoto huanzishwa na sauti mbili tu, so na mi. Sikiliza wanavyoitana uani jioni: silabi ya kwanza juu, ya pili inashuka kidogo. Sauti hizo wanazo tayari mdomoni, na mwalimu wenu akianzia hapo anajua anachofanya.

Wazo la baba lenyewe si baya. Shinichi Suzuki wa Japani aliwaanzisha watoto wadogo hivyo hivyo kwenye fidla. Ila katika njia yake mzazi huhudhuria somo na kufanya mazoezi na mtoto nyumbani siku kwa siku, na watoto hukutanishwa kupiga pamoja. Basi mwulize baba: nani atakaa naye kwenye kinanda kila jioni? Mimi ningesubiri afike miaka sita au saba, na hata hapo nisingemtoa kwenye kundi.

Kitu ambacho kingenifanya nimtoe ni kingine. Kuna madarasa yanayofungulia spika mpaka watoto hawasikii sauti zao wenyewe, au yanayokariri wimbo mmoja muhula mzima kwa ajili ya mahafali. Huko mtoto anafundishwa kupendeza kwenye video ya mzazi, na inaniuma kila ninapoiona. Na kama angekuwa kimya hata nyumbani, hageuki akiitwa, ningekwambia mpeleke akapimwe masikio kabla ya jambo lolote. Wako anasikia vizuri sana.

SWALI: Mwalimu, nafundisha awali, nina watoto hamsini na ala hata moja sina. Nianzie wapi?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Anza na wimbo wa kuitikiana wanaoujua kutoka nyumbani, hata kama ni wa Kirangi. Ligawe darasa mara mbili, nusu waanzishe, nusu waitikie, kisha wabadilishane. Watembee wakiimba, wakikaa wote kwenye madawati hutayasikia mapigo.

Ala tengeneza. Chupa ndogo ya plastiki, tia mahindi kiganja kimoja, kifuniko ukigundishe kabisa wasije wakamwaga au kuweka punje puani. Usitengeneze hamsini. Tengeneza sita, ziwe zinazunguka. Sita wanatikisa, waliobaki wanapiga makofi na wanangoja zamu, na ukiinua mkono wote wananyamaza. Wiki za kwanza watashindwa hapo kwenye kunyamaza. Rudieni palepale, kwa wimbo uleule, kabla hujawapa mwingine.