Wasomaji Wauliza: Simu Isiyo na Waya na Waya Zake

Katika majibu yetu, kitako ni ile sehemu inayokaa mezani na kuchomekwa kwenye stima. Mkono ni ile unayoshika ukizungumza.

Tumeingiziwa intaneti ya faiba. Nina simu isiyo na waya niliyokuwa nikitumia na laini ya mezani ya 020. Waya wake umeingia vizuri nyuma ya ruta lakini simu haina mlio. Imekufa? (Msomaji, Lang'ata)

Huenda ni nzima kabisa. Geuza ruta uyaangalie matundu yake. Yale mapana, ambayo mara nyingi huwa manne, ni ya kompyuta na yana pini 8. Tundu la simu ni jembamba zaidi. Huandikwa Tel, Phone au Pots, au huchorwa alama ya simu. Kichwa cha waya wa simu huingia hata kwenye tundu la kompyuta, na hapo ndipo wengi hukosea. Uchomoe mara moja, kwa sababu plastiki yake hukunja pini za pembeni, na baadaye utashangaa kwa nini kompyuta haishiki.

Ukishalipata tundu lenyewe, fahamu kwamba halina uhai mpaka kampuni inayokuuzia intaneti iwashe huduma ya sauti na kuipa namba. Kulipia intaneti pekee si kulipia simu. Tazama taa ya Tel. Ikiwa imezima, wapigie huduma kwa wateja uulize: je, kifurushi changu kina simu? Tundu lipi limewashwa? (Ruta nyingine zina matundu mawili ya simu na moja tu ndilo linalofanya kazi.) Namba yangu ya zamani inaweza kuhamishwa? Usinunue chochote kabla ya kujibiwa.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Tia betri kwenye mkono, chomeka adapta ya kitako, kisha laza mkono mahali pake uchaji kwa saa 16 hivi mara ya kwanza. Unganisha waya kutoka kitako hadi tundu la simu, na utumie ule uliokuja na kitako hicho, maana watengenezaji hawapangi pini kwa namna moja, na waya wa kuazima unaweza kuingia vizuri bila kupitisha kitu. Bonyeza kitufe cha kijani; unatakiwa kusikia mlio usiokatika. Kukiwa kimya, azima simu ya kawaida yenye waya uijaribu kwenye tundu hilo hilo. Ikitoa mlio, tatizo liko kwenye kitako au waya wake. Nayo ikinyamaza, tatizo ni la laini, na fundi wa simu atakula pesa yako bure.

Onyo moja kwa wanaokaa nyumba za zamani: usiunganishe ruta na soketi ya simu ya ukutani kabla laini ya shaba inayotoka nje haijakatwa kutoka kwenye soketi hiyo. Laini ya shaba ikiwa bado hai hubeba takriban volti 48 kutoka kituo cha simu, na inapoita huzidi hapo. Ruta haikutengenezwa kupokea umeme huo.

Jengo letu halina faiba wala laini ya simu. Naweza kutumia simu isiyo na waya hata hivyo? (Msomaji, Umoja)

Ndiyo, kwa kupitia kiboksi chenye antena kinachotiwa laini (kadi ya SIM) ya simu ya mkononi na chenye tundu la simu ya mezani. Kitako huchomekwa hapo kana kwamba ni laini ya kawaida. Kabla ya kuitia laini humo, iweke kwanza kwenye simu ya mkononi uondoe PIN, la sivyo kiboksi kitaisubiri PIN hiyo milele. Uliza pia kama kiboksi kimefungiwa mtandao mmoja. Ukimaliza kubonyeza namba, subiri sekunde chache au ubonyeze alama ya reli (#) ndipo ipige. Usitie humo laini yako ya M-Pesa: ujumbe wa kuthibitisha malipo utaingia kwenye kiboksi, na kitako cha kawaida hakitakuonyesha.

Shemeji amenitumia kutoka Marekani simu yenye mikono mitatu, imeandikwa DECT 6.0. Niitumie? (Msomaji, Kilimani)

Hapana, hata kama ni mpya kwenye karatasi.

Sababu ya kwanza utaiona kwenye adapta. Soma palipoandikwa Input. Ikiwa ni 120V 60Hz pekee, stima yetu ya 240V itaiunguza, pengine kabla hujamaliza kuichomeka. Ikiwa ni 100–240V, hilo limepita. Kibadilisha plagi hakipunguzi volti, hata muuzaji akikuapia.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na adapta mpya haiiondoi. Simu za DECT (mfumo wa simu za nyumbani zisizo na waya) zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na kwetu huzungumza kati ya MHz 1880 na 1900. Zile za Marekani hutumia MHz 1920 hadi 1930. Huku masafa hayo yamo katika eneo ambalo simu za mkononi za 3G hutumia kurusha mawimbi kwenda kwenye minara. Utakuwa unaingilia mtandao wa watu, nao pia utakukatiza. Ile 6.0 haina maana kwamba ni toleo jipya kuliko DECT ya kawaida. Ni jina la soko la Marekani tu. Mwambie shemeji asante, na ukinunua hapa uhakikishe kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Mkono wangu hukaa na chaji dakika kumi tu. Muuzaji aliniuzia betri za rimoti, akasema ni zile zile. (Msomaji, Eastleigh)

Umbo ndilo lile lile. Zitoe leo. Betri kavu ya rimoti ina volti 1.5 na haikutengenezwa kuchajiwa. Kitako kitailazimisha chaji mpaka ivuje au ipasuke, na maji yake hula vyuma vya ndani. Kinachohitajika ni AAA mbili zilizoandikwa Ni-MH, 1.2V, zenye uwezo wa kati ya 550 na 800 mAh. Badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja, kwani nzee huivuta mpya chini.

Ukizunguka Luthuli Avenue, Nairobi, utaonyeshwa AAA zilizoandikwa 2000 mAh au zaidi kwa bei ya kutupa. Ziache. AAA halisi ya Ni-MH haivuki sana 1100.

Kabla ya kununua, futa vile vipande viwili vya chuma chini ya mkono na vingine kwenye kitako kwa kitambaa kikavu, kisha uchaji usiku kucha. Vumbi na mafuta ya mikono huzuia chaji, na huenda betri zako za mwanzo hazikuwa na kosa. Kuurudisha mkono kwenye kitako kila baada ya kuzungumza hakuharibu kitu.

Chini sauti ni safi, nikipanda chumbani inakatika. Boksi liliahidi mita 300. (Msomaji, Buruburu)

Hizo 300 ni za uwanja mtupu. Ndani ya nyumba boksi hilo hilo kwa kawaida huandika 50, nazo zinahesabiwa kwa kuta nyepesi. Kuta zetu ni za mawe, na kati yako na sebule kuna slabu ya zege yenye vyuma. Ongeza mlango wa chuma na kabati lenye kioo kikubwa, basi mawimbi yanachoka njiani.

Hamisha kitako badala ya kuilaumu simu. Mahali pazuri ni karibu na ngazi, kwa kuwa uwazi wa ngazi hupitisha mawimbi kuliko slabu. Kiinue kufikia mita moja na nusu kutoka sakafuni, na kisikaribie ruta, televisheni au maikrowevu kwa chini ya mita moja. Waya wa kurefusha wa mita 10, ukiunganishwa na ule uliokuja na kitako, unatosha kukifikisha hapo. Kisha fungua menyu utafute Eco. Ikiwashwa hupunguza nguvu ya mawimbi, kwa hiyo izime.

Kuongeza mkono wa pili chumbani hakusaidii hapa, maana nao husikiliza kitako kile kile. Ukiutaka kwa sababu nyingine, shikilia kitufe cha kutafuta kwenye kitako kwa sekunde tano hivi, chagua kusajili kwenye menyu ya mkono mpya, na uweke PIN, ambayo mara nyingi ni 0000. Mkono wa kampuni nyingine, kama mkono na kitako vyote vinafuata GAP (kanuni ya pamoja ya simu za DECT), utapiga na kupokea, lakini usitarajie kushirikiana orodha ya majina.

Stima ikipotea tunabaki bila simu. Tufanyeje? (Msomaji, South B)

Kitako hakiishi bila stima, na ruta vilevile. Mikono yenu inaweza kuwa na chaji tele na bado isipige popote.

Wengi hununua kile kiyuPS (UPS, yaani betri ya akiba) kidogo cha ruta, cha 8800 mAh. Hesabu yake: Ah 8.8 mara volti 3.7 za betri ya ndani ni takriban Wh 33, na baada ya upotevu zinabaki kama 27. Ruta inayokula wati 10 itakaa zaidi ya saa mbili. Tatizo ni kitako: adapta yake mara nyingi hutoa volti 6 hadi 7.5, na viyuPS hivi kwa kawaida vina 5, 9 na 12. Usijaribu kulazimisha 9, utaiua simu.

Tunachopendekeza ni cha bei ndogo. Nunua kigawanyi cha laini na simu ya kawaida yenye waya, isiyohitaji adapta, uziweke zote kwenye tundu la simu la ruta. Simu hiyo hupata umeme wake kutoka ruta, kwa hiyo kiyuPS kikiishikilia ruta, simu inalia. Hili linategemea pia faiba ya mtaani kuwa hai. Vifaa vya kampuni vikizimika huko nje, hakuna cha kufanya nyumbani.

Nikipigia benki naambiwa nibonyeze 1, nabonyeza, haisikii. (Msomaji, Ngara)

Huenda simu imewekwa kwenye Pulse, yaani hutuma namba kwa mapigo badala ya milio (Tone). Ingia kwenye menyu ya laini au ya kupiga, chagua Tone, uhifadhi. Ikiwa tayari ni Tone na laini yako ni ya faiba, iambie kampuni ikague jinsi ruta inavyotuma milio ya namba. Hilo hurekebishwa upande wao.