Nywele zako hazijasimama kukua: namna ya kuzipima na kujua zinakopotelea

Assalaam alaykum, mdogo wangu. Umeeleza kwamba nywele zako zilifika mabegani na tangu mwaka jana hazijasogea, ukauliza ni mafuta gani yatakayozifikisha mgongoni. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, hapa Tanga. Nywele zangu ni za kipilipili, zikinyooshwa zinapita katikati ya mgongo, na vipimo vyake nimekuwa nikiviandika daftarini kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo nakuomba uyaweke mafuta kando kwanza, uchukue futi ya fundi cherehani.

Kila unywele una kipindi chake cha kukua, ambacho kwa watu wengi ni kati ya miaka 2 na 6. Kikiisha, unywele hupumzika kwa miezi mitatu hivi, hudondoka, na mwingine huota mahali pale pale. Wastani unaotajwa sana ni sentimita 1 na ushei kwa mwezi, lakini nywele za kipilipili zilipopimwa na wataalamu zilionekana kukua taratibu zaidi, karibu milimita 8 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hiyo ni sentimita 9 na ushei, na anayekuahidi kiasi hicho kwa mwezi mmoja hasemi kweli. Hata Xie Qiuping wa China, ambaye nywele zake zilipimwa mwaka 2004 zikawa na mita 5.627, alikuwa amezifuga tangu 1973. Ukigawanya utapata sentimita 18 kwa mwaka, kasi ambayo si ya ajabu sana. Alichojaliwa yeye ni kipindi cha kukua kirefu mno, na hicho mtu huzaliwa nacho.

Kwa hiyo jambo la kujua ni kiasi gani cha nywele zako kinachipuka na kiasi gani kinakatika, na hapa hina inasaidia kuliko kitu kingine chochote ninachokifahamu. Ukipaka hina leo, nywele zilizopo zitashika rangi, na zitakazoota baadaye zitatoka na weusi wake wa asili, hivyo ukisimama juani baada ya miezi mitatu utauona mpaka. Pima kutoka kwenye ngozi ya kichwa hadi kwenye mpaka huo: huo ndio ukuaji. Kisha pima urefu wote, kutoka kwenye ngozi hadi nchani, uulinganishe na ule ulioandika siku ya hina. Ikiwa mpaka umesogea sentimita 2.5 na urefu wote umeongezeka nusu sentimita tu, basi sentimita 2 zimekatika, nawe una hakika kwamba shina lako halina tatizo. Tumia hina ya majani yaliyosagwa. Piko usiiguse, kwa kuwa mara nyingi ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi.

Vipimo vina adabu yake. Fumua msuko, osha, suka mabutu machache ya kunyoosha, subiri yakauke kabisa, ndipo upime. Nywele mbichi huvutika kupita kawaida, na kipilipili kilichoachwa huru hunywea kiasi kwamba kioo kitakuonyesha chini ya nusu ya ulicho nacho. Unyevu wa hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, huzidisha kunywea huko. Chagua sehemu nne usizozibadilisha, yaani kipajini, utosini, juu ya sikio na kisogoni, na kila sehemu ipewe mstari wake daftarini. Kupima kila mwezi hakufai, kwa sababu milimita 8 ni ndogo kuliko tofauti inayoweza kuletwa na mkono wako mwenyewe.

Sehemu hizo nne hazitalingana, na tofauti yake ndiyo yenye habari. Kwangu upungufu mkubwa ulionekana kisogoni, ambako ushungi na kola ya nguo husugua nywele kutwa nzima, ilhali utosini haukuwepo. Nilipoanza kufunga kitambaa laini cha satini chini ya mtandio, vipimo vya kisogoni vikaanza kukaribiana na vya utosini. Kwako inawezekana ni kipajini, na ikiwa ni hivyo, mwombe msusi wako aache kuvuta nywele za pembeni, maana shina linalovutwa miaka na miaka hufikia hatua ya kutootesha tena.

Kuhusu mafuta, ya nazi yanatosha, tena haya yetu ya kupika tui nyumbani hadi mafuta yaelee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele. Yapake kabla ya kuosha. Hayaongezi kasi ya kuota. Yanalinda kilichokwisha kuota.

Ikiwa baada ya miezi mitatu mpaka wa hina haujasogea kabisa, au unaona ngozi imebaki wazi mahali fulani, usihangaike na daftari, nenda hospitali ukaonane na daktari. La sivyo, leta hapa namba za sehemu zote nne pamoja na aina ya msuko uliokuwa nao, nami nitazisoma pamoja nawe.