Muulize Mzee wa Santuri: Kantri isiyo na ngoma

SWALI: Mzee, habari za siku. Mimi ni mpenzi wa kantri hapa Nakuru, nimekua nikisikiliza Jim Reeves na Don Williams. Juzi nimepewa CD iitwayo Home ya Dixie Chicks, wale wanawake watatu wa Texas, ya mwaka 2002. Humo hamna ngoma hata moja! Rafiki yangu anashikilia kwamba hiyo si kantri bali ni blugrasi, na ndiyo maana redio za Marekani ziliwasusa. Ni kweli? Na nianze kusikiliza wimbo gani?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako amegusia kidogo la kwanza, la pili amelikosa kabisa.

Blugrasi aliyoiasisi Bill Monroe wa Kentucky ina vyombo vyake: banjo, fidla, mandolini, gitaa kavu na besi kubwa ya kusimama. Mdundo hutoka kwenye mandolini na besi, ngoma haihitajiki. Sikiliza “Lil' Jack Slade”, ule usio na maneno: hiyo ni blugrasi ambayo hata Monroe asingeinunia. Lakini “Landslide”, waliouchukua kwa bendi ya roki ya Fleetwood Mac, ni pop iliyovishwa banjo. Mimi naiita albamu ya kantri iliyopigwa kwa vyombo vya blugrasi. Wanaotaka kubishana zaidi ya hapo, wakeshe.

Wala hawakuparamia ugeni. Martie wa fidla na mdogo wake Emily wa banjo walianza bendi hii Dallas mwaka 1989, wakipiga blugrasi kwenye kona za barabara. Robin Lynn Macy, mmoja wa waanzilishi, alijitoa 1992 kwa kuona wenzake wanaupa kisogo muziki huo. Natalie Maines alipoingia kuwa mwimbaji 1995, zikaja albamu mbili zilizouza mamilioni. Kisha 2001 wakafikishana mahakamani na Sony, kampuni yao ya rekodi, kuhusu malipo. Ugomvi ukiendelea, wakajifungia Austin, Texas, kurekodi na Lloyd Maines, baba yake Natalie, bingwa wa gitaa la stili. Hapakuwa na bosi wa Nashville, mji wa makampuni ya kantri, mlangoni akiuliza ngoma ziko wapi, na kwa sikio langu uhuru huo unasikika.

Home ilitoka Agosti 2002. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 780,000, nambari moja Marekani nzima. “Long Time Gone” unaisuta redio ya kantri kwa kuwasahau magwiji wa zamani akina Merle Haggard na Johnny Cash, na redio hiyo hiyo ikaupiga mpaka ukafika nambari mbili! (Ama watangazaji hawakusikiliza maneno, ama walijua wanasemwa wakacheka. Nashuku la kwanza.) Februari 2003 albamu ikazoa tuzo nne za Grammy. Huko ndiko kususwa?

Kilichowaponza ni ulimi, si banjo. Tarehe 10 Machi 2003, jukwaani London, siku kumi kabla ya vita vya Iraq, Natalie aliwaambia watazamaji kwamba wao hawaitaki vita hiyo, na wanaona aibu kwamba Rais wa Marekani anatoka Texas. Na alikuwa akitambulisha wimbo gani? “Travelin' Soldier”, kisa cha msichana anayemngoja askari aliyekwenda Vietnam asirudi! Wimbo wenyewe ndio kwanza ulikuwa unakamata nambari moja ya kantri, ukaporomoka. Huko Louisiana CD zao zilirundikwa, trekta likapita juu. Kampuni ya Cumulus ikaziamuru stesheni zake za kantri zisiwapige, hadi kamati ya Seneti ikamhoji mkuu wake Julai mwaka huo. Na CD ya kukanyagwa na trekta, ujue, lazima kuna mtu aliinunua kwanza.

Kuhusu pa kuanzia: usianze na “Landslide”, utadhani umepewa CD nyingine. Anza na “Long Time Gone”, ruka uende “Lil' Jack Slade”, halafu tulia na “Top of the World”, utunzi wa Patty Griffin, uliowekwa mwisho. Punguza besi kwenye redio yako, maana ikizidi inazimeza nyuzi. Ukizitaka kazi zao mpya, ulizia The Chicks. Neno Dixie walilitoa 2020.