Maswali na majibu: Kutembea kwenye vilima vya chaki, kusini mwa Uingereza

Nina miaka 58, naishi Luton. Kikundi chetu cha akina mama kimelipia kiongozi atupeleke kutoka mji wa pwani wa Seaford hadi mji wa Eastbourne kwa miguu. Nitafika kweli? (Mama mmoja, Luton)

Shikamoo mama. Safari hiyo ni kama kilomita 22, na kinachochosha zaidi ya umbali ni vile vilima vya Seven Sisters. Hakuna kinachofika mita 80, lakini vimepangana: unapanda, unashuka, hujapumua unapanda tena. Magoti hulalamika kwenye mteremko kuliko kwenye mpando. Tena mto Cuckmere hauna daraja pale unapomwaga maji baharini, kwa hiyo ukitokea Seaford lazima uzunguke ndani hadi daraja la Exceat. Mwombeni kiongozi muanzie hapo Exceat. Basi namba 12 la Brighton–Eastbourne linasimama pale, na zinabaki kama kilomita 13 tu. Mtakosa ile picha maarufu ya vijumba na majabali meupe, maana hupigwa upande wa Seaford, lakini mtafika mnacheka.

Muulizeni pia nani atatembea nyuma kabisa. Kikundi kisicho na mtu wa nyuma humwacha mnyonge peke yake.

Raba zangu za kila siku zinatosha? (Kijana wa Reading)

Kukiwa kukavu, sawa. Mvua ikinyesha, chaki inateleza kama sabuni, na tope lake jeupe linaganda kwenye soli mpaka meno ya kiatu yanajaa. Humohumo kuna mawe ya gumegume yenye makali. Vaa kiatu chenye meno, na usikinunue wiki ileile ya safari.

Kiongozi alitufokea kwa kusogea ukingoni mwa jabali kupiga picha. Si alizidisha? (Msomaji, London)

Hakuzidisha hata kidogo. Chaki ni jiwe laini, na bahari inalila kwa chini. Pale juu unaona majani mazuri, kumbe chini yake hakuna kitu. Kipande kinaweza kumeguka bila onyo. Mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout ulibidi usogezwe mzima mzima mita 17 mwaka 1999, kwa sababu ukingo ulikuwa umeukaribia. Jabali la Beachy Head, mbele kidogo, lina kimo cha mita 162. Mkishuka ufukweni Birling Gap msikae chini ya jabali pia. Mimi kiongozi anayeruhusu picha za ukingoni simfuati mara ya pili.

Njia ilipita katikati ya shamba la mtu, na ng'ombe wamo. Hatukuvamia? (Baba Asha, Leicester)

Hapana. Uingereza ina njia za umma zinazokatiza ardhi za watu binafsi, na sheria inazilinda. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu. Wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Geti liache ulivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali, usipite kati yao. Kama una mbwa na ng'ombe wakakufukuza, mwachie mbwa, atajiokoa mwenyewe.

Je, njiani kuna maji? (Huyohuyo)

Beba lita mbili. Chaki hunywa mvua yote, hivyo juu huko hakuna vijito. Wachungaji wa zamani walichimba vidimbwi wakavisiliba udongo wa mfinyanzi ili kondoo wanywe. Ni kondoo haohao waliofanya nyasi ziwe fupi, na ndani ya mita moja ya mraba unaweza kukuta aina 40 hivi za mimea. Siku ya jua, Julai au Agosti, inama uangalie vipepeo vidogo vya buluu.

Nitaswali wapi? (Dada wa Birmingham)

Popote nyasi zilipo safi, mbali na ukingo na kando ya njia. Kibla ni kusini-mashariki. Kiangazi adhuhuri huingia karibu saa saba mchana, ambao ndio muda wa kula wa vikundi vingi. Mwambie kiongozi asubuhi, asije akawainua watu ukiwa rakaa ya pili.

Na kupe? (Wengi mmeuliza)

Wapo, hasa kwenye majani marefu. Ingiza suruali ndani ya soksi. Jioni kagua nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumponda. Baada ya hapo ukiona duara jekundu linapanuka, hata kama ni wiki kadhaa baadaye, muone daktari.