Ofisi yenu ianze IPv6, bila kuizima IPv4

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kuweka IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, wakati mtandao wa ofisi unafanya kazi na bosi haoni faida. Haja ipo, tena kubwa. IPv4, mfumo wa zamani, ina anwani bilioni 4.3 hivi, na akiba kuu ya IANA, chombo kinachosimamia ugawaji wa anwani hizo duniani, iliisha Februari 2011. Tangu hapo watu wengi wanabanana nyuma ya anwani moja. Mmoja akifanya fujo, wote wanaweza kufungiwa.

Usiizime IPv4. Ziendeshe zote mbili sambamba, uanze na tovuti: ongeza rekodi ya AAAA (inayotaja anwani ya IPv6 ya tovuti) kwenye DNS, yaani orodha inayounganisha majina ya tovuti na anwani zake, kisha ifungue tovuti kutoka mtandao wa nje wenye IPv6. Ila kabla ya hapo, tafadhali sana, kagua faiawoli, yaani ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao. Nimeshaona seva iliyofungwa vizuri upande wa IPv4, kumbe upande wa IPv6 mlango uko wazi kabisa. Na usizuie kwa mazoea ICMPv6 yote, yaani ujumbe ambao vifaa vya IPv6 hupashana kuhusu hitilafu na hali ya mtandao. Kurasa zinaweza kukwama katikati na usijue kwa nini.

Baada ya wiki mbili mfungulie bosi kumbukumbu za seva, ajionee wageni wangapi wanaingia kwa IPv6.